Mtego wa Mtawa: Je, Ni Haki Kutafuta Dharau?

Walikuwapo zamani watawa wa Kihindu waliofundishwa kutafuta dharau kama wengine wanavyotafuta sifa. Walijifanya wendawazimu mbele za watu ili watukanwe, na waliamini kwamba kila tusi wasilolistahili liliwaondolea dhambi na kuwaongezea thawabu. Thawabu hizo hazikutoka hewani. Zilitoka kwa yule aliyetukana, na dhambi za mtawa zikahamia kwake. Swali langu katika insha hii ni la kimaadili: je, mtu ana haki ya kujitakasa kwa kumfanya mwenzake atende kosa?

Nauliza nikiwa Kampala, jiji lenye mahekalu ya Kihindu na lenye historia ndefu ya watu kudharauliana. Lakini nianze na watawa wenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunapita mbele ya hekalu kila wiki bila kujua kilichomo.

Hapa kwetu neno Muhindi hutumika kwa yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwismailia, Singasinga, Mgoa Mkatoliki au Mhindu. Mhindu ni mfuasi wa dini, na dini yenyewe ina njia nyingi. Wapo wanaomweka mbele Vishnu, na wapo wanaomweka mbele Shiva, mungu anayechorwa amejipaka majivu, nywele zimesokotana, amekaa peke yake mlimani. Wahindu wengi wa Kampala ni wazao wa wafanyabiashara kutoka Gujarat. Ni watu wa familia, maduka na viwanda, na watawa waliojipaka majivu hutawaona wakizunguka mitaani mwetu. Hata hivyo Shiva hakosekani hekaluni. Usiku wa Mahashivaratri, mnamo Februari au Machi, waumini hufunga, hukesha, na kulimwagia maji na maziwa jiwe liitwalo linga, ambalo ni alama yake.

Katika njia za Shiva, ile ya Wapashupata ni miongoni mwa za kale zaidi tunazozijua. Mwalimu wao, Lakulisha, anahusishwa na mahali paitwapo Karvan, katika Gujarat ileile walikotoka mababu wa wenye maduka wetu, katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Jina la kundi limeundwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti: pashu, yaani mnyama wa kufugwa, na pati, yaani bwana. Roho ya binadamu ni ng'ombe aliyefungwa kamba, na Shiva ndiye mwenye ng'ombe. Kwa mtu aliyekulia Mbarara kama mimi, picha hii haihitaji maelezo. Ng'ombe hajifungui, hufunguliwa. Ndiyo maana katika mafundisho yao mwisho wa mateso yote ni neema ya bwana, hata kama mtawa amefanya bidii miaka mingi.

Njia nyingine za Shiva nazitaja kwa haraka tu. Wakapalika walitembea na fuvu la kichwa cha mtu wakilitumia kama bakuli, wakifuata kisa cha Shiva aliyekata kichwa kimoja cha Brahma na kulazimika kukibeba kama kitubio. Katika nchi ya Watamil ilikua Shaiva Siddhanta, yenye mahekalu makubwa na nyimbo za waja. Huko Kashmir, yapata mwaka 1000, Abhinavagupta aliandika falsafa nzito inayosema kwamba fahamu yako na fahamu ya Shiva ni moja. Kila moja ingetosha insha yake. Mimi nabaki na Wapashupata, kwa kuwa wao ndio walionikosesha raha.

Mazoezi yao yalikwenda kwa hatua. Katika hatua ya kwanza mtawa aliishi hekaluni na kujulikana wazi kuwa mtawa. Alioga majivu mara tatu kwa siku, akalala juu ya majivu, akamwabudu mungu kwa kucheka, kuimba, kucheza ngoma na kulia kama fahali. Katika hatua ya pili alifuta alama zote za utawa, akaondoka hekaluni na kuingia mjini ambako hakuna aliyemjua. Huko alikoroma kana kwamba amelala kumbe yu macho. Alitetemeka kama mwenye ugonjwa. Alichechemea. Alitenda mambo ya kipumbavu na kusema maneno yasiyo na maana. Alijifanya pia kumtamani mwanamke. Kaundinya, aliyeandika ufafanuzi wa mafundisho haya zamani sana, anashauri mtawa asimame si karibu mno na wanawake wala si mbali mno, mradi aonekane. Watu wanapomzomea, kumsukuma na kumpiga, yeye anafurahi moyoni, maana hesabu inakwenda vizuri.

Nikiri kwamba kuna kitu cha kuvutia hapa. Sisi wanafunzi tunaishi kwa sifa. Tunasubiri alama, tunasubiri joho la mahafali, tunasubiri siku ambayo shangazi kijijini atatuita daktari mbele za watu. Mtu anayeweza kusimama sokoni akazomewa na asitetereke amekata kamba moja ambayo wengi wetu tunakwenda nayo kaburini. Wapashupata hawakuwa peke yao katika kuligundua hili. Diogenes wa Wagiriki alikula na kujisaidia hadharani ili kuwakera watu wa Athens. Katika Uislamu, huko Nishapur katika karne ya tisa, waliibuka Wamalamatia, walioficha ibada zao na kukubali kulaumiwa kwa sababu waliogopa riya kuliko lawama. Msomaji wa pwani atatambua hofu hiyo mara moja: riya huila ibada kama mchwa anavyoila nguzo, nje nzima, ndani unga.

Lakini anayekubali lawama si sawa na anayeitengeneza. Mmalamatia wa kawaida aliificha heri yake, basi. Mpashupata alitunga kosa, akaliigiza, kisha akasubiri nitende kosa la kweli juu ya kosa lake la uongo. Waswahili husema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mtego wa mtawa umetegewa nani?

Nililipeleka swali hili kwa mzee mmoja Mhindu anayeuza vitambaa mjini. Alikuwa amesikia habari za watawa hao kutoka kwa babu yake, ingawa yeye mwenyewe ni wa njia nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja kitambaa, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha dukani, ambacho ni kizuri kuliko cha wengi wetu darasani.

"Binti yangu, mtawa hakukutia maneno mdomoni. Tusi lilikuwamo tayari. Yeye kaligonga debe tu, likalia."

Ni jibu zuri na sitaki kulipita upesi. Polisi wanapompelekea mla rushwa noti zilizowekwa alama, hatusemi kwamba polisi wamemfanya mla rushwa. Wamemfichua. Ukimwona mtu anachechemea na ukacheka, kicheko ni chako. Kwa hoja hii mtawa ni kioo, na anayechukia kioo aoshe uso.

Mfano wa polisi, hata hivyo, una pengo. Polisi wanatega ili rushwa ipungue, nao hawagawiwi zile noti. Mtawa anatega ili yeye apate. Kant alifundisha kwamba usimtumie binadamu mwenzako kama chombo tu cha kufikia shabaha yako. Bibi yangu, ambaye hakumsikia Kant maishani mwake, angesema huko ni kukosa utu. Mtawa anapoingia mjini hamtazami mtu yeyote kama mtu. Anamtazama kama mtungi wa thawabu unaosubiri kumiminwa.

Tena kuna jambo zito zaidi. Tuchukulie kwamba mtawa ameingia katika mji wenye watu wema. Anatetemeka, wanamfunika blanketi. Anachechemea, wanampa mkongojo. Anasema maneno yasiyo na maana, mama mmoja anamketisha kivulini na kumpa uji. Huyo mtawa ameshindwa. Itabidi ahame atafute mji mwingine wenye watu wabaya zaidi. Utakatifu wake unahitaji ukatili wangu, na kwa hiyo, awe amejua au hakujua, kila asubuhi anaamka akitumaini kwamba nitakuwa mkatili. Daktari naye anaishi kwa magonjwa yetu, na hatumlaumu. Lakini daktari anayeomba malaria izidi Kampala tungemwitaje?

Mtawa anayeomba chakula ana uhusiano tofauti kabisa nami. Anasimama mlangoni na bakuli, nami naweza kumpa au kumnyima. Akipata, amekula, na mimi nimekuwa mkarimu zaidi kidogo kuliko nilivyokuwa jana. Faida yake na faida yangu zinakwenda njia moja. Basava, aliyeongoza waja wa Shiva huko Karnataka katika karne ya kumi na mbili, alikwenda mbele zaidi: kwa wafuasi wake kazi halali ya mikono ndiyo ibada, na mapato yake yagawiwe wengine. Naona nafuu ninaposoma habari zake, labda kwa kuwa ni Mshaiva ninayeweza kuishi naye mtaa mmoja.

Sasa nirudi kwa yule anayesimama si karibu mno wala si mbali mno. Hapa sisemi kama mwanafalsafa tu. Mwanamke yeyote anayepanda teksi katika kituo kikuu cha Kampala anajua maana ya kutazamwa, kuitwa majina, na kushikwa mkono na mpigadebe ambaye hujawahi kumwona. Unajifunza kutembea haraka. Unajifunza kubeba mkoba mbele. Mtawa anaigiza tamaa, na ndani yake, tunaambiwa, hamna tamaa yoyote. Lakini hofu ya mwanamke anayetazamwa haiigizwi. Damu yake imekwenda mbio kwelikweli. Amebadilisha njia ya kurudi nyumbani kwelikweli. Na katika hesabu ya thawabu yeye haonekani kabisa. Anayehesabiwa ni yule anayemtukana mtawa, pengine ndugu yake aliyekuja kumtetea, na huyo ndugu, kwa kosa la kumlinda dada yake, anapokonywa thawabu zake. Nimeitafuta njia ya kulitetea jambo hili, kwa kuwa katika semina tumefundishwa kuitetea kwanza hoja tunayotaka kuipinga, na sikuipata.

Mwingine asiyehesabiwa ni mwendawazimu wa kweli. Katika kituo hichohicho yupo mwanamume anayevaa magunia na kuzungumza na nguzo za umeme. Makondakta humwita mulalu, humrushia maganda ya ndizi, na siku nyingine humpa chapati. Yeye hana hekalu alikotoka wala hatua ya tatu inayomsubiri. Mtawa ameazima mavazi ya mtu huyu. Amechukua dharau ambayo mji ulikuwa nayo tayari dhidi ya wagonjwa na vilema, akaitumia kama mtaji, wala hakusema neno moja kwamba dharau hiyo ni dhuluma kwa mwenyewe. Siku mtawa akichoka ataoga na kuondoka. Mwenye magunia atabaki palepale na maganda yake.

Mtu anaweza kuniambia kwamba fundisho hili lina faraja kubwa kwa waliodharauliwa bila kutaka. Likisemwa kwa mnyonge, kwamba kila anayekuonea anakupa thawabu zake bila kujua, halimpi nguvu? Hapo ndipo Kampala inaponisaidia kufikiri.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na wakapewa siku 90. Makumi ya maelfu walifunga masanduku. Waliruhusiwa kuondoka na pauni 50 hivi, na njiani kwenda Entebbe wengi walisimamishwa kwenye vizuizi na kuvuliwa hata vile vichache walivyokuwa navyo. Mwenye vitambaa alikuwa mtoto wakati huo. Anakumbuka askari akivuta bangili za mama yake, na kwa kuwa mkono ulikuwa umevimba kwa joto, bangili hazikutoka upesi. Nilimuuliza, kwa heshima niliyoweza kuikusanya, kama kwa fundisho la watawa wale mama yake alipata thawabu za yule askari.

"Mama alipoteza bangili," alisema. "Basi."

Hakurudia tena habari ya debe.

Nisiwe mwepesi wa kuona upande mmoja. Kabla ya mwaka 1972 utawala wa kikoloni ulikuwa umetupanga kama ngazi, Mzungu juu, Muhindi katikati, Mwafrika chini, na waliokuwa katikati hawakuwa wote wapole kwa waliokuwa chini. Mzee mwenye wajukuu aliitwa boi katika nyumba aliyoipikia miaka ishirini, akala nyuma, akalala chumba cha uani. Kwa hesabu ya Wapashupata mzee huyo alikuwa anatajirika kila siku. Nani ana uso wa kwenda kumwambia? Faraja anayoitoa aliyedharauliwa mwenyewe, akiwa amekaa na machungu yake, naiheshimu. Faraja hiyohiyo ikitoka kinywani mwa anayedharau, au mwa anayetazama tu, inakuwa ruhusa ya kuendelea.

Na hata lugha ninayoiandikia ina ushahidi wake. Askari wa kwenye vizuizi walizungumza Kiswahili, na kwa muda mrefu Kiswahili Kampala kimekuwa lugha ya askari na wezi masikioni mwa watu wengi. Mimi mwenyewe niliulizwa na jirani kama nasomea jeshi. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini dharau haifutwi kwa barua ya serikali. Miaka yote hiyo ya kudharauliwa haikukiongezea Kiswahili chochote. Ilikipunguzia wasemaji, walimu na vitabu. Waliokidharau nao hawakupoteza kitu ila kile ambacho wangepata kwa kukijifunza.

Kwa hiyo nakataa hesabu yenyewe, kwamba dharau ni mali inayohama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine na mmoja anapopoteza mwingine anapata. Katika mifano yote niliyoiona mjini hapa, mdharau anaharibika na mdharauliwa anaumia, na hakuna mahali pengine ambako faida imewekwa. Kinachobaki cha Wapashupata, kwangu, ni ile hatua ya kwanza: mtu anayejulikana wazi kuwa anamtafuta mungu, anayecheka na kulia kama fahali mbele ya kila mtu, ambaye ukimcheka umemcheka yeye mwenyewe na si barakoa yake. Huyo amehatarisha heshima yake na hakuhatarisha roho ya mtu mwingine. Anayetaka kuua kiburi chake ana nafasi tele hapo hekaluni bila kwenda kumtafuta mpita njia.

Atakayetaka kunipinga ataniambia kwamba mwenye kujulikana kuwa mtawa hadharauliwi vya kutosha, kwa kuwa watu humheshimu hata anapocheka hovyo, na kwamba kiburi cha utawa ndicho kigumu kuliko vyote. Hoja hiyo naiona ina uzito, na walimu wa zamani hawakuwa wajinga walipoiweka hatua ya pili pale walipoiweka. Nabisha tu kuhusu nani alipe gharama yake.

Katika mpango wao, mtawa akishamaliza kutukanwa huingia hatua ya tatu. Huhamia pangoni au katika nyumba tupu, akae kimya na kutafakari. Baadaye huhamia uwanja wa kuchomea maiti, na huko husubiri mpaka mwili wake ufike mwisho. Sisi tuna mahali pa namna hiyo pale Lugogo, ambapo Wahindu wa Kampala huchoma maiti zao, na nimepita hapo mara nyingi kwa bodaboda bila kugeuza kichwa. Njia ya mtawa kutoka mjini hadi pangoni, na kutoka pangoni hadi kwenye majivu, imepangwa hatua kwa hatua. Ndugu aliyemtetea dada yake, dada aliyebadilisha njia ya kurudi nyumbani, na mwenye magunia, wote wamebaki mjini, na hakuna hatua ambayo mtawa anatakiwa kurudi kuwaambia kwamba alikuwa anaigiza.